Kuuza mnadani Karatu: meza inayovuta wateja na hesabu inayobakiza faida

Karatu ina tarehe mbili ambazo mji wote unabadilika: tarehe 7 na tarehe 25 ya kila mwezi. Ni siku za mnada. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanafika tangu asubuhi na mapema, vitunguu vinapanda kutoka Mang'ola, ndizi zinatoka Mto wa Mbu, na wauzaji wa mitumba, vyombo na shuka za Kimasai wanakuja na mizigo yao kutoka Arusha, umbali wa kama kilomita 140.

Mwenye duka mjini akipata siku mbaya, kesho anafungua tena. Muuzaji wa mnadani hana kesho. Ukiharibu tarehe 7 unasubiri siku 18 hadi tarehe 25, mzigo uko ndani na mtaji umelala humo humo.

Kwa hiyo swali la "nipangeje meza yangu" ni swali la hela kabisa. Meza nzuri inamsimamisha mtu anayepita. Ila tukubaliane mapema: wapo wanaouza sana mnadani, meza imejaa watu kutwa, na wanarudi nyumbani na hasara bila kujua. Tuanze na wateja na meza, halafu hesabu tutaifungua kwa namba.

Mteja wa asubuhi na mteja wa mchana

Mnada wa Karatu unakutanisha watu wenye mifuko tofauti kabisa, na kila mmoja ana saa yake.

Mkulima kutoka Rhotia, Endabash au Mbulumbulu ana hela baada ya mavuno. Mahindi, maharage, ngwara na mbaazi vikishauzwa, ndipo ananunua sufuria, magodoro na nguo za watoto. Huyu anaangalia kitu kitadumu kiasi gani. Atavuta mshono wa shati, atagonga sufuria asikie mlio, ataukunja ukingo wa beseni. Mwache afanye. Ukimnyang'anya bidhaa mkononi umemkosa.

Mfugaji wa Kimasai au wa Kidatoga mara nyingi anakuja na mnyama, siyo na hela. Mpaka auze mbuzi wake ndipo anakuwa mteja. Hapa wauzaji wapya wanajikwaa: saa tatu asubuhi wanaona watu wanapita tu, wanaulizia bei na kuondoka, basi wanaogopa na kuanza kushusha bei. Ikifika saa saba, wale wale waliopita asubuhi wanarudi na noti mfukoni, wewe umeshauza nusu ya mzigo kwa bei ya kutupa. Usishushe bei kabla mifugo haijauzwa.

Kuna jambo lingine kuhusu wafugaji. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, haliruhusu kilimo. Familia zinazoishi kule zinanunua unga, maharage na mboga za kukausha kutoka nje, na Karatu ndiyo mji wa karibu. Mtu wa namna hii hanunui robo kilo ya sukari. Ananunua ya siku nyingi, na atapanda nayo gari au pikipiki kurudi juu. Ukimfungia kwenye kiroba imara chenye kamba nzuri ya kubebea, umemsaidia kuliko ukimpunguzia shilingi 500.

Watu wa mjini, yaani watumishi, mama ntilie na vijana wanaofanya kazi kwenye lodji, wengi wanakuja jioni. Wanajua kwamba jioni muuzaji hataki kurudi na mzigo. Hao utawapunguzia tu, hakuna namna. Panga mapema ni bidhaa zipi utaziachia jioni na zipi ziko tayari kurudi nyumbani.

Halafu kuna watalii. Wanapita Karatu kwenda Ngorongoro, wengi wanalala hapa hapa, na baadhi wanaletwa mnadani na waongoza watalii kwa saa moja au mbili. Habari yao tutaizungumza chini, maana ina sheria zake.

Pa kuweka meza

Kama hujawahi kuuza mnadani Karatu, nenda mara moja bila mzigo. Najua nauli inauma. Lakini siku hiyo moja utaona watu wanaingilia wapi, moshi wa nyama choma unaelekea upande gani, na njia ya mifugo iko wapi. Muuzaji wa nguo nyeupe aliyepanga karibu na njia ya ng'ombe hahitaji kuelezwa zaidi, na jioni atakuwa na mzigo wa kufua.

Watu wengi wanaoanza wanakimbia wenzao. Anayeuza viatu anatafuta kona isiyo na viatu, akidhani atakuwa peke yake na wateja wote watakuwa wake. Mnadani haiendi hivyo. Mtu anayetaka viatu anaelekea kwenye viatu, pale penye meza kumi, kwa sababu anataka kulinganisha. Kaa karibu na wenzako, kisha uwe na kitu ambacho wao hawana: namba kubwa za viatu, za watoto wadogo, au katambuga za matairi zilizokatwa vizuri bila misumari inayochoma.

Mwanzo wa safu ni pazuri kwa vitu vidogo vya bei ndogo, mtu anachukua huku anatembea. Katikati ya safu ni pazuri kwa vitu vya kujaribu na kubishania bei, maana mteja hasukumwi na wapitaji.

Ushuru wa halmashauri lipa, na dai risiti iliyotoka kwenye mashine. Itunze mpaka jioni. Ukiulizwa mara ya pili na huna risiti, utalipa mara ya pili.

Turubai, mwanga na urefu wa macho

Hapa ndipo penye kazi, na vitu vingi havina gharama.

Angalia rangi ya turubai lako. Turubai la bluu ni rahisi kupatikana, lakini jua likiwaka juu yake kila kitu chini kinakuwa na rangi ya bluu. Shati jeupe linaonekana limechakaa, nyanya zinaonekana kama zimelala siku tatu, na nyama ndiyo usiseme. Turubai jeupe au la rangi ya maziwa linapitisha mwanga safi. Kama una la bluu na huna hela ya kubadilisha, livute nyuma kidogo ili safu ya mbele ya bidhaa ipate mwanga wa kawaida, wewe ukae kivulini.

Jua la mchana linahama. Meza iliyoelekea magharibi inapata kivuli asubuhi, ila kuanzia saa tisa jua linaipiga usoni, na mteja anakunja uso badala ya kuangalia bidhaa. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, elekea mashariki au kusini, na beba kipande cha kitambaa cha kushusha upande mmoja.

Ardhi ya Karatu ni nyekundu na kiangazi vumbi lake haliombi ruhusa. Bidhaa zilizotandazwa chini zinakuwa za rangi moja kabla ya saa sita. Ukiweza, zipandishe. Mbao mbili juu ya kreti za soda zinatosha kuwa meza. Urefu mzuri ni wa kiunoni, ili mtu asiiname. Mtu anayeinama anaogopa mfuko wake wa nyuma, na akiogopa hakai. Kama huna meza, basi weka bidhaa chache chini na nyingine ziache kwenye mfuko, utazitoa kadiri zinavyouzwa. Kuwa na kitambaa cha kufutia, na kitumie kila baada ya nusu saa.

Kwa nguo, tundika zile nzuri. Mirunda miwili na kamba vinatosha. Nguo tano zilizotundikwa zikiwa zimenyooshwa zinavuta watu kwenye rundo la nguo mia moja. Chagua tano zenye rangi tofauti, na ikiuzwa moja pandisha nyingine hapo hapo. Kamba tupu inasema bidhaa nzuri zimeisha.

Na nunua kioo. Kioo cha ukutani, hata kile kidogo chenye fremu ya plastiki. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko vyote kwenye meza ya mitumba. Mtu akishajitazama na koti, maongezi yanahama kutoka "bei gani" kwenda "limenikaa?" Kwa viatu, weka kigoda cha kukalia na kipande cha kanga au boksi chini ili mguu usiguse vumbi.

Kwa mboga na matunda, tenganisha ukubwa. Nyanya kubwa na ndogo kwenye fungu moja zinamfanya mteja ahisi unaficha kitu, hata kama huna nia hiyo. Weka mafungu ya 500 upande mmoja na ya 1,000 upande mwingine. Vitunguu vya Mang'ola vinajulikana kwa rangi yake, kwa hiyo ondoa maganda yaliyolegea ili rangi ionekane, lakini usivimenye mpaka vikawa uchi. Mchicha na sukuma nyunyizia maji safi kidogo kidogo. Zikilowa sana zinaoza kabla ya jioni.

Asali, korosho, karanga: weka sahani ndogo ya kuonja, na kijiti safi kwa kila mtu. Kijiko kimoja cha watu wote kinafukuza wateja kimya kimya.

Kuhusu spika ya kurekodi sauti, ile ya "buku buku buku": inafanya kazi kwa bidhaa za bei moja. Kwa bidhaa za kubishania bei inaharibu, kwa sababu wewe na mteja hamsikilizani. Na jirani yako akiwa na spika kubwa kuliko yako, vita hiyo achana nayo.

Salamu kabla ya bei

Mnadani Karatu, anayekimbilia bei anaonekana ana shida. Salimia kwanza. Mzee anaamkiwa shikamoo hata kama hanunui. Mama wa Kimasai wengi wanamwita yeyo, na neno hilo peke yake linafungua maongezi. Ukijua "saita" kwa Kiiraqw na "sopa" kwa Kimasai, utapata angalau tabasamu.

Mabishano mazuri ya bei ni mafupi. Kitu kama hiki:

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba. Shuka hii bei gani?"

"Elfu kumi na nane mama. Uzi wake mzito, shika uone."

"Nina kumi na tano."

"Kumi na saba mama, na nakufungia vizuri."

Angalia muuzaji alivyofanya. Alimpa mteja bidhaa mkononi, akashuka mara moja tu, kiasi kidogo, na akaweka nyongeza isiyomgharimu. Anayeanza na elfu thelathini akamalizia kumi na tano amemfundisha mteja kwamba bei zake zote ni za uongo. Huyo mteja tarehe 25 atakuja na bei ya kumi.

Usimvute mtu shati. Bado wapo wanaofanya hivyo, na ndiyo sababu watu wanapita katikati ya njia wakiogopa kusogea kwenye meza.

Vipimo, chenji na simu

Kama unauza kwa mizani, mizani yako inatakiwa ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika. Geuza upande wenye stika umwelekee mteja. Kama unauza kwa sado au debe, tumia kopo ambalo halijabonyezwa. Kila mama anayekuja mnadani anajua janja ya kopo lenye kitako kilichopandishwa, na ataingiza mkono kuhakikisha. Magunia ya lumbesa yanapigwa vita na wakaguzi, kwa hiyo ukinunua mzigo wa jumla usibebe tatizo la mtu mwingine.

Chenji ni biashara ndani ya biashara. Mfugaji aliyeuza mbuzi ana noti za 10,000 tupu. Ukimwambia "subiri nitafute chenji" ukaondoka dakika tano, umeacha meza na umemchosha. Njoo na noti za 1,000 na 2,000 na sarafu za kutosha mauzo ya saa mbili za kwanza.

Lipa kwa simu imerahisisha mambo, hasa kwa watu wa mjini. Andika namba yako ya Lipa kwa herufi kubwa kwenye boksi, pamoja na jina litakalotokea, ili mteja ajue hajakosea. Lakini bidhaa usiiachie kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Angalia simu yako, ujumbe uwe umeingia kwako, na ukiwa na shaka angalia salio. Ujumbe wa kutengeneza umewaliza wengi. Mtandao ukielemewa na umati, muombe mteja akae kwenye kigoda asubiri. Mwaminifu hatachukia.

Kitu kingine ambacho ni cha bure: siku moja kabla ya mnada, weka picha tano za mzigo kwenye stetasi ya WhatsApp, pamoja na sehemu utakayokaa. Mteja wa lodji anayetoka kazini jioni atakuja moja kwa moja kwako.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Tumia mifuko mbadala, na gharama yake iingie kwenye hesabu, maana watu wanasahau.

Ukiuza kwa watalii

Mtalii anayepita mnadani hanunui beseni. Anatafuta kitu kidogo kinachoingia kwenye begi na chenye hadithi ya kweli: bangili za shaba zilizofuliwa na mafundi wa Kidatoga wa upande wa Ziwa Eyasi, shanga za Kimasai, kahawa iliyolimwa kwenye miteremko ya Karatu, shuka. Eleza kwa ufupi nani ametengeneza na wapi. Usidanganye, maana mwongoza watalii amesimama pembeni na anajua, na yeye ndiye atakayeamua kesho alete wageni kwako au kwa jirani.

Bei iandike, na iandike kwa shilingi. Tangu Machi 2025 zipo kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazokataza kutangaza bei au kulipwa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Kile kibao cha "dola 10" ulichokizoea kinaweza kukuingiza matatani. Mgeni mwenye dola aelekezwe benki au duka la kubadilishia fedha mjini Karatu, au alipe kwa njia nyingine kwa shilingi.

Hili la pili ni zito zaidi. Usiweke mezani kitu chochote kinachotokana na mnyamapori. Miiba ya nungunungu, mayai ya mbuni, ngozi ya swala, jino, kwato, mfupa, hata kama uliokota porini na hukuua mnyama. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu hizo kuwa nyara, na kuwa nazo bila kibali ni kosa la jinai. Uko jirani kabisa na hifadhi, kwa hiyo "sikujua" haitakusaidia. Pembe na mifupa ya ng'ombe ni sawa, na inatengenezwa vitu vizuri sana.

Ukitaka kahawa, asali au karanga zako ziingie kwenye maduka ya lodji, utaulizwa alama ya TBS. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO kupata barua ya utambulisho, kisha anaenda TBS. Inachukua muda, ianze wakati biashara ya mnadani inaendelea.

Kuhusu picha: wauzaji wengi, hasa akina mama, hawapendi kupigwa picha bila kuombwa, na wana haki. Mwambie mwongoza watalii mapema kama unakubali au hukubali.

Sasa tufungue daftari

Chukua mfano huu. Namba ni za mfano tu, weka za kwako.

Umenunua shuka 20 Arusha kwa 14,000 kila moja. Hiyo ni 280,000. Mnadani unauza kwa 18,000. Siku imekwenda vizuri, umeuza 14, mkononi una 252,000. Unajisikia tajiri.

Shuka 14 ulizouza ulizinunua kwa 196,000. Kwa hiyo ulichozidisha ni 56,000. Sasa toa nauli yako na ya mzigo kwenda na kurudi, tuseme 20,000. Msaidizi wa kutwa 10,000. Chakula 4,000. Ushuru 1,000. Mifuko na makato ya simu 1,000. Jumla 36,000.

Umebaki na 20,000. Hiyo ndiyo faida ya siku nzima juani.

Sasa rudi kwenye kubishania bei. Kama kila mmoja wa wale wateja 14 ulimpunguzia 1,500 tu, umeachia 21,000. Siku hiyo hiyo, umati ule ule, meza ile ile iliyojaa watu, na umepata hasara ya 1,000. Na hujaiona, kwa sababu mfukoni bado una zaidi ya laki mbili.

Ndiyo maana bei ya mwisho lazima uijue kabla hujatoka nyumbani, kwa kila bidhaa. Gawa gharama za siku kwa idadi ambayo una uhakika wa kuuza, siyo kwa mzigo wote. Katika mfano wetu, 36,000 ukigawa kwa 14 ni karibu 2,600 kwa kila shuka. Ina maana shuka iliyonunuliwa 14,000 imekugharimu 16,600. Chini ya hapo unalipa wewe. Iandike kwenye kiganja kama utasahau.

Njia nyepesi ya kuongeza faida hapo siyo kupandisha bei. Ni kushusha zile 36,000. Wauzaji wawili wakichangia gari la mzigo na kulindiana meza wakati wa kula, nauli ya mzigo inashuka na msaidizi hahitajiki. Mwingine anauza shuka, mwingine mikanda na bangili za shanga, na mteja wa mmoja anaona meza ya mwenzake.

Shuka 6 zilizobaki zina 84,000 ndani yake. Haijapotea, lakini huwezi kula wala kulipia deni.

Mkopo wa kila wiki kwenye biashara ya mara mbili kwa mwezi

Hapa ndipo wengi wanapoumia, hasa akina mama. Mikopo ya mtaani, ile inayoitwa kausha damu, inadai rejesho kila siku au kila wiki. Mnada unakuja mara mbili kwa mwezi. Kati ya tarehe 7 na 25 ni siku 18, na ndani yake kuna marejesho mawili au matatu ya wiki kabla hujauza tena. Hela ya kulipa inatoka wapi? Inatoka kwenye mtaji. Tarehe 25 unaenda mnadani na mzigo mdogo, unauza kidogo, unakopa tena. Meza ikipendeza vipi, haiwezi kuziba pengo hilo.

Kama lazima ukope, tafuta mkopo ambao tarehe zake za kulipa zinafuata tarehe za mnada. Kikundi cha kukopeshana cha watu mnaojuana kinaweza kukubali hilo mkijadiliana. Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi mwaka 2024. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo anzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako uliza masharti ya kusajili. Mkopeshaji binafsi anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Muombe aionyeshe. Akianza kucheka, ondoka.

Kalenda

Mzigo ufuate majira. Aprili na Mei mvua ni kubwa, watalii wachache, uwanja ni tope. Gambuti, miavuli na maturubai vinatoka kuliko shanga. Juni na Julai baridi ya Karatu inauma kweli, mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Masweta, makoti na mablanketi yawe mbele ya meza, na mwezi huo huo watalii wanaanza kuongezeka. Januari ni sare, daftari na viatu vyeusi vya shule.

Halafu kuna tarehe zinazogongana na sikukuu. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume, 7 Julai ni Sabasaba, na 25 Desemba ni Krismasi. Kabla hujapakia mzigo kwenye gari Arusha au Mto wa Mbu, mpigie mtu aliyeko Karatu umuulize kama mnada uko siku hiyo hiyo au umesogezwa.